Jina la Katikati

Baba yangu aliniita profesa miaka mingi kabla ya tume yoyote kufikiria kuniita hivyo. Alikuwa na duka la vitenge katika soko la Bunia, na kila mteja aliyeingia kuchagua kitambaa alipewa habari zangu bila kuziomba.

"Ile mutoto yangu ya kike iko professeur," alikuwa akisema huku akikunjua kitenge mezani, na mimi, nikiwa nyuma ya pazia na kikombe changu cha chai, nilitamani kujificha ndani ya marobota.

Sikuwa profesa. Nilikuwa chef de travaux katika taasisi yetu ya kilimo, cheo cha mtu ambaye bado yuko chini ya maprofesa, na kazi yangu ilikuwa kuchunguza magonjwa ya muhogo. Nilikaa kwenye cheo hicho muda mrefu hata wanafunzi wangu wa zamani wakaanza kurudi kutoka masomoni wakiwa wamenipita. Wengine walinisalimu kwa huruma, na huruma ya mtu uliyemfundisha kushika darubini ni kitu kigumu kumeza.

Nilikitaka cheo cha profesa. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu wasomi wanapenda kujifanya hawataki vyeo. Nilikitaka kwa ajili yangu, na nilikitaka pia ili baba yangu aache kuwa mwongo mbele ya soko zima angali hai.

Familia yetu ilitoka Butembo na mizigo ya biashara, kama familia nyingi za maduka ya hapa kwetu. Vita vilipokuja na kuugawa mji na vijiji vyote vya Djugu pande mbili, sisi hatukuwa wa upande huu wala ule. Jambo hilo halikutuokoa na woga, wala halikuliokoa duka, maana liliporwa kama maduka mengine. Lakini baba alipofungua tena, wateja wa pande zote mbili walirudi. Mama mmoja akiingia na kumkuta wa upande wa pili, kila mmoja aligeukia kitambaa chake, na baba alizungumza na wote wawili kwa sauti ile ile kubwa.

Kisha likaja lile jambo ambalo redio iliita amani. Bunduki zilinyamaza kwa majuma, zikakohoa kidogo, zikanyamaza tena. Barabara ya Kilo ilifunguliwa asubuhi na kufungwa mchana. Katika amani ya namna hiyo ndipo muhogo ulipoanza kuugua. Majani yalijikunja na kupata mabaka ya manjano, na mama aliyechimba shina zima alitoka na mizizi myembamba kama vidole vyake mwenyewe. Watu waliokwisha kukimbia mara mbili na kurudi walikuta sasa hakuna cha kula walikorudi.

Pale taasisini tulikuwa watatu tulioweza kuushughulikia ugonjwa huo, mimi na wenzangu wawili. Mmoja alikuwa wa milimani. Mama yake alilima ng'ambo ya Bambu, na ndugu zake walichimba dhahabu kule Nizi. Alikuwa mfupi, mbishi, na alicheka kabla ya kumaliza maneno yake. Wa pili alikuwa wa malishoni, mwana wa watu wa ng'ombe wa bonde linaloteremka kuelekea ziwani, mrefu, mpole, mwenye kukasirika kimyakimya kwa mwezi mzima. Kila mmoja alikuwa amezika watu wake, na kila mmoja alijua, au alidhani anajua, mikono ya upande gani iliwaua. Kazini walisalimiana kwa kidevu.

Kila mmoja aliingia katika vijiji vilivyokubali kumpokea. Wa milimani alikusanya majani kwao, wa malishoni akakusanya kwao, na kila mmoja aliniletea nusu yake ya ramani na kuniomba nisimwonyeshe mwenzake. Nilivumilia kidogo. Siku moja nilizitandaza nusu zote mbili juu ya meza moja, na nikaona kwamba kila nusu peke yake ilikuwa karatasi ya kufungia karanga. Ukiziunganisha, ulionekana mwendo wa ugonjwa. Ulikuwa umefuata njia za wakimbizi. Watu walikimbia na vijiti vya muhogo vya kupanda kichwani, na ugonjwa ukasafiri ndani ya vijiti hivyo, ukavuka kutoka upande huu kwenda ule na kurudi, bila kuulizwa kitambulisho kwenye kizuizi chochote.

Nikawaita wote wawili. Sikuwabembeleza, kwa sababu sina kipaji hicho.

"Ugonjwa inapita barrière yote," niliwaambia, "na ninyi, batu benye diplôme, munaogopa kuingia mu chumba moja?"

Walikubali kukutana, lakini si ofisini, kwa kuwa kila ofisi ilikuwa na watu wa kuhesabu nani ameingia na nani ametoka. Tulikutana kwenye ghala la baba, nyuma ya duka, kati ya marobota ya vitenge. Mlikuwa na meza ya kukatia vitambaa na benchi moja refu la mbao. Siku ya kwanza mmoja alikaa mwisho huu wa benchi na mwingine mwisho ule, na hakuna aliyetaka bega lake liguse la mwenzake. Nikakaa katikati. Tulifanya kazi hivyo mwaka baada ya mwaka, karatasi zikipita mbele yangu kutoka kushoto kwenda kulia, na mara nyingine maneno makali nayo yakapita. Nikitaka kuongea na mmoja, nilimpa mwingine mgongo. Shingo yangu iliniuma kila jioni.

Ugomvi mkubwa kuliko yote haukuhusu vita. Ulihusu majina. Makala ya kwanza ilikuwa tayari kutumwa, na yule wa malishoni akauliza kwa upole wake, "Jina ya nani itatangulia?"

"Ya ule mwenye alitembea sana," akajibu wa milimani. "Mimi nilifika mpaka nyuma ya Kilo na miguu."

"Na mimi nilikuwa nalala?"

Mtu wa mahali pengine anaweza kucheka. Hapa kwetu kutaja jina kabla ya jina lingine ni jambo zito. Niliwahi kuhudhuria uzinduzi wa kisima ambapo nusu ya wageni waliondoka kabla ya chakula kwa sababu chifu wao alitajwa wa pili. Ukisoma majina ya watu wa Bunia, unajua kila mmoja ametoka upande gani. Jina la kwanza kwenye makala lingesomwa kama bendera iliyopandishwa juu ya muhogo wa watu wote. Nilipendekeza tufuate alfabeti, na wa milimani akanionyesha mara moja kwamba kwa alfabeti angekuwa wa mwisho maisha yake yote. Hata alfabeti ilikuwa na upande.

Baba ndiye aliyeumaliza ugomvi. Aliingia na birika la chai na mandazi, akatusikiliza akiwa amesimama, na akakasirika kwa sababu kelele zetu zilisikika mpaka dukani.

"Juu ya nini munafukuza bateja yangu? Andikeni majina vile munakaa! Artikle ya kesho, huyu atakuja uku na ule ataenda kule. Kwisha."

Tukaandika majina kama tulivyokaa. Makala iliyofuata walibadilishana miisho ya benchi, na iliyofuata tena wakabadilishana. Mimi nilikuwa katikati siku zote, na sikuwahi kuona haya kuwa hapo. Katika mji huu, kwenye kikao cha ndoa iliyoharibika au cha shamba linalogombaniwa, mtu anayekalishwa katikati ndiye anayeaminiwa na wote. Nilikuwa nikiliangalia jina langu limebanwa kati ya majina yale mawili, na nilijivuna.

Wasomi wa ulimwengu wana kanuni yao tofauti. Kwao, jina la kwanza ni la aliyefanya kazi, la mwisho ni la mkubwa aliyeiongoza, na wa katikati ni wale waliobeba maboksi. Tuliijua kanuni hiyo. Lakini kanuni hiyo ilitungwa na watu ambao hawajawahi kutafuta njia ya kuwakalisha wenzangu wale wawili kwenye benchi moja.

Makala zetu zilianza kutajwa. Katika kazi yetu, mtafiti akiandika jambo na kuonyesha kwamba alijifunza kwako, anakutaja, na wapo wanaohesabu kila kutajwa. Siku niliyoona kwa mara ya kwanza kwamba mtu wa Msumbiji, ambaye hatukumjua wala hakutujua, ametegemea ramani yetu, nilitoka kwenye chumba cha kompyuta mbio kama msichana, nikaenda sokoni.

"Ameandika jina yenu yote tatu?" baba aliuliza.

Ilinibidi nimweleze. Kwa kufupisha, mtafiti huandika jina la kwanza tu, kisha anaongeza "na wenzake". Jina langu halikuonekana. Lisingeonekana kamwe.

Baba alifikiri. "Hao wenzake, ni weye?"

"Ni mimi, Papa."

"Basi!" Akamgeukia mteja. "Bamemutaja mpaka Mozambique."

Wakatutaja Uganda, wakatutaja Tanzania, wakatutaja nchi ambazo hazilimi hata shina moja la muhogo. Kila mara nilikuwa ndani ya "na wenzake", mzima, mwenye afya, na nikijivuna kupita kiasi.

Hatimaye ilikuja tume ya kupandisha vyeo kutoka mji mkuu. Mwenyekiti wake alikuwa profesa mzee mwenye koti zito ambalo alikataa kulivua hata jua lilipokuwa kali. Alifuatana na mwalimu wa takwimu kutoka Kisangani, mama mfupi ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi shingoni, na ambaye kazi yake ilikuwa kupima uzito wa kila mtafiti kwa mashine. Walikaa katika ukumbi wetu, nasi tukaitwa mmoja mmoja mbele ya wenzetu.

Mwenyekiti alisoma habari zangu. Makala za ghala la vitenge zilikuwa zimetajwa kuliko makala nyingine yoyote ya taasisi yetu. Watu wakapiga makofi. Kisha akainua kidole.

"Makala ambamo mama huyu ametangulia: hakuna. Makala ambamo amekuja wa mwisho: hakuna. Katikati, mabibi na mabwana, ni mahali pa wasaidizi."

Alisema hivyo kwa Kifaransa kizuri, bila ubaya wowote, kama daktari anayesoma joto la mgonjwa. Damu ilinipanda. Nilisimama, na Kifaransa changu kikanikimbia chote.

"Professeur, ukuje uishi hapa Bunia kwanza," nilisema, "njo utaniambia katikati ni fasi ya nani!"

Ukumbi ulicheka, lakini kwa woga. Mkurugenzi wetu alifunika uso. Wenzangu wawili walikuwa wamekaa humo, kila mmoja upande wake wa ukumbi, na wote wawili walinyanyuka kutaka kusema, wakaonana wamenyanyuka, wakakaa tena. Mwalimu wa takwimu ndiye aliyeomba nafasi. Alichomeka kompyuta yake, na ukutani ikatokea picha ya nukta nyingi zilizounganishwa kwa mistari.

"Kila nukta ni mutafiti wa hapa," alieleza. "Bawili bakiandika pamoja, ninaweka mustari kati yao."

Hakuonyesha majina, lakini hayakuhitajika. Picha ilikuwa na vichaka viwili. Watu wa kichaka kimoja waliandika na watu wa kichaka kile kile, na wa pili vivyo hivyo. Kati ya vichaka hivyo kulikuwa na nukta moja, mistari ikiingia kutoka huku na kutoka kule. Akaeleza kwamba kipo kipimo kinachoangalia ni mara ngapi njia fupi kutoka mtu hadi mtu inalazimika kupita kwako, na kwamba kwa kipimo hicho hajawahi kuona nukta ya namna hiyo katika chuo chochote alichokipima. Kulikuwa na mistari miwili tu, akasema, iliyounganisha kichaka na kichaka bila kuishia kwenye nukta hiyo, nayo pia ilitoka kwenye makala ambazo nukta hiyo ilikuwamo, kwa hiyo hakuihesabu kuwa njia inayojitegemea.

"Sasa mutazame," akasema. "Ninatosha makala yake, ninaondoa yote."

Akabonyeza. Picha ikaachana. Kichaka kimoja kilielea upande huu wa ukuta na kingine upande ule, na katikati pakabaki weupe wa chokaa. Kwa miaka yote ile nilidhani nimekaa tu kwenye benchi.

Mwenyekiti aliivua miwani yake, ingawa koti alibaki nalo. Akasema tume itakichukua kipimo hicho, na kwamba kitapimwa upya karibu na siku ya kura kwa makala zote zitakazokuwa zimetoka. Kwa sauti aliyoitumia, kila mtu alielewa kwamba jambo limekwisha. Nilipofika sokoni habari ilikuwa imenitangulia. Juma lile baba alinunua mbuzi mweusi, akamfunga nyuma ya nyumba, akaenda kwa fundi kushonewa suti.

Miezi ilipita. Kule milimani mambo yaliharibika tena, na watu waliteremka na magodoro yao hadi kambi ya waliohama kandokando ya mji. Miongoni mwao alikuwa mama yake mwenzangu wa milimani. Nilipeleka unga na vitenge, nikarudi kwenye mitihani ya wanafunzi, na ghala likakaa bila mikutano. Nilidhani wenzangu nao wamerudi kwenye salamu za kidevu. Mbuzi wa baba alinenepa.

Kisha, mchana mmoja, mwalimu wa takwimu alinipigia simu kutoka Kisangani.

"Mama, chiffre yako ya kile kipimo imeshuka."

"Imeshuka namna gani?"

"Kuko artikle ya mupya. Bale wenzako bawili. Bameandika pamoja, bawili tu. Sasa mustari inapita moja kwa moja, haipite tena kwako."

Nilikaa chini. Aliendelea kusema, polepole, kwamba orodha ya makala inafungwa juma hilo. Ile mpya ilikuwa imetoka karibuni mno. Yeye peke yake ndiye aliyeiona, na akiamua kutoitazama mpaka kura ipite, hakuna atakayejua. Aliniuliza nataka nini. Nilimwambia anipe mpaka kesho yake.

Nitasema ukweli juu ya saa ile. Nilikasirika vibaya. Niliwakalisha kwenye benchi, nikawapa ghala la baba yangu, chai ya baba yangu, na shingo yangu, na wao wameandika bila hata kunidokeza! Nilipanda pikipiki, nikamwambia dereva anipeleke kambini, kwa sababu makala hiyo, kwa maelezo ya mwalimu, ilihusu kupanda vijiti visafi karibu na kambi ya waliohama, na nilitaka kuwakuta papo hapo nikiwa bado na hasira za kutosha.

Shamba lilikuwa ng'ambo ya kijito, kwenye ardhi ya mjomba wa mwenzangu wa malishoni. Nililijua lile shamba. Kabla ya hapo, mtu wa milimani asingelikanyaga hata akimfuata mbuzi wake. Sasa mama yake mwenzangu, yule aliyeteremka na godoro, alikuwa ameinama katikati yake akipanda muhogo, kanga yake imefungwa kiunoni. Na wanawe wawili, sijui niwaiteje vingine, walikuwa wamesimama kwenye mstari wa mbele wakigombana.

"Metre moja!" alipiga kelele wa milimani. "Nimekuambia metre moja!"

"Metre moja ni karibu sana. Weye unapanda muhogo ao unapanda majani ya ng'ombe?"

"Majani ya ng'ombe njo kitu unajua!"

Walicheka wote wawili. Nilisimama ng'ambo ya kijito na hasira yangu mkononi kama mtu aliyeleta mwavuli siku ya jua. Niliwahi kusikia neno "ng'ombe" likisemwa kati ya watu wa pande hizo mbili, na kilichofuata hakikuwa kicheko.

Waliponiona walijipanga kama wanafunzi. Niliwauliza kwa nini hawakuniambia. Walitazamana kwanza.

"Dada, tulitaka kuona," akasema yule mpole. "Tulitaka kuona kama tunaweza bila weye kukaa pale."

"Tungeshindwa," akaongeza wa milimani, "haungejua hata kidogo."

Nikauliza swali pekee lililobaki. "Na jina? Nani alitangulia?"

Wa milimani alimwelekezea mwenzake kidole, kisha akasita. Wa malishoni alikuna kichwa.

"Si ni weye?"

"Mimi? Nilizani ni weye. Ngoja, nitatazama mu telefone."

Hawakukumbuka. Watu wale wawili, ambao karibu wavunje meza ya baba kwa ajili ya jambo hilo, hawakukumbuka. Hapo ndipo machozi yaliponitoka, na sikuyaficha. Mama yule aliinua kichwa shambani akauliza nani amenifanya nini. Nikamwambia hakuna, Mama, ni furaha, na ilikuwa kweli. Nimepata kutajwa katika nchi nyingi, nimepigiwa makofi ukumbini, lakini sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia ugomvi ule wa mita moja.

Nilimpigia mwalimu wa takwimu nikiwa bado juu ya pikipiki, nikipayuka ili anisikie.

"Iweke ndani!"

"Mama, unajua itafanya nini?"

"Najua. Iweke. Tena uweke mustari ya nene."

Tume ilikutana mji mkuu. Kipimo changu kilikuwa kimeshuka, na mwenyekiti akarudi kwenye kanuni aliyoizoea, ile ya nani ametangulia. Jibu likaja kwamba nimeombwa kusubiri kikao kingine. Lilinichoma, sitasema uongo. Nilijifungia ofisini nikalitukana koti lake zito kwa lugha zote ninazozijua, ikiwemo ya Butembo, ambayo ina matusi mazuri. Kisha nikaosha uso, nikaenda kumwambia baba.

Alinisikiliza akiwa na mkasi mkononi. Nilimweleza habari ya kipimo, jinsi kilivyopanda kwa sababu wenzangu hawakuweza kuandika bila mimi, na jinsi kilivyoshuka. Alinikatiza.

"Bale bawili? Pamoja?"

"Pamoja, Papa."

"Bila weye?"

"Bila mimi."

Aliweka mkasi chini. Alitazama pazia la ghala, akaanza kutikisika mabega, na nilidhani analia mpaka nikasikia kicheko chake.

"Mama," akaniambia, kwa maana hivyo ndivyo anavyoniita akinipenda sana, "ile mbuzi haijue mambo ya commission. Tutaichinja siku ya Mungu. Uite bale bawili."

Jumapili ile, baada ya misa, nyumba ilijaa. Baba alivaa suti aliyoishonea cheo changu, na kila aliyeingia aliambiwa kwamba leo tunasherehekea kazi ya professeur wake. Sikumsahihisha. Vijiko vilikuwa vichache na sombe la majani ya muhogo lilikuwa jingi. Mama wa milimani alikuwa amepewa kiti chenye mto. Kwa kuwa viti havikutosha, mtu alikuwa ametoa lile benchi la ghalani akaliweka barazani, na wenzangu wawili walikuwa wamelikalia, wakichora mistari ya shamba hewani kwa mifupa ya mbuzi.

Nilitoka jikoni na sahani yangu, nikasimama mbele yao nikingoja wasogee, kama walivyosogea siku zote. Hawakusogea. Hawakuniona hata kidogo. Walikuwa wamekaa bega kwa bega, na kati yao hapakuwa na nafasi hata ya kuweka kikombe.

"Musogee kidogo, professeur akae!" baba alipaza sauti.

"Uwaache, Papa," nikasema.

Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yao na sahani magotini, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze kazi ile niliweza kuziona nyuso zao zote mbili kwa pamoja.